Karatasi za Kipanga

Kibakwe, 9 Machi 2024

Mjukuu wangu Violeth,

Mimi Meshack Ndahani nina miaka sabini na nane, na ukiona mtu anabisha mlete nimwonyeshe meno, yamebaki mengi kuliko yake. Nimeishinda njaa ile tuliyokula mbegu za kupanda. Nimeishinda Operesheni ya kuhamia vijijini, walipotubomolea tembe la baba yangu. Nimerudi kutoka vita vya Kagera na miguu yote miwili. Nimewazika wenyeviti wa kijiji wanne na mbwa sijui wangapi, na bado nipo. Naandika kwa mkono wangu huu uliofundishwa kisomo cha watu wazima, sikuazima mkono wa mtu.

Nakusalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi huko. Bibi yako Emiliana hajambo, anakusalimu wewe mke mwenzake, anasema Krismasi ulikuja umekonda. Mahindi ya bondeni mvua imeyalaza lakini maharage yamekaa vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Sila jirani yangu naye yupo, kwa bahati mbaya.

Sasa neno lenyewe. Nimenunua ndege.

Kaa chini usome. Unaikumbuka ndege ya Mwalimu Anthony, yule Mzungu aliyefundisha useremala shule ya misheni? Ile isiyo na injini, ya mbao na kitambaa, mlikuwa mkiiita Kipanga. Inavutwa kwa kamba na Land Rover ya parokia mpaka inainuka, kamba inaachia, inabaki inaelea juu ya milima bila kelele. Miaka yote ile aliyokuwa akiirusha, nani alishika ncha ya bawa na kukimbia nalo lisiburuzike chini? Mimi. Alimpandisha mkuu wa shule, akampandisha binti wa daktari, akampandisha hata fundi bomba aliyekuja kuziba tangi. Mimi kila Jumapili naambiwa Jumapili ijayo. Halafu akastaafu akarudi kwao, ndege akaniachia nimtunzie ghalani.

Mwezi uliopita alikuja kuaga moja kwa moja. Akasema anaiuza, kuna watu wa Arusha wanaitaka. Nikamwambia nikiwa hai haitoki hapa. Nikauza ng'ombe sita, nikamlipa, tukashikana mikono, tukachinja beberu, Sila akala nyama yetu kama shahidi. Kwetu biashara imekwisha hapo.

Kumbe mtendaji wa kijiji anasema mali hii si mbuzi, ina karatasi zake serikalini. Wewe ndiye uliyesoma, unakaa na serikali hapo Dodoma. Nenda ofisi ya ndege. Waambie Meshack anataka karatasi zenye jina lake, ili kiangazi hiki apande angani akiwa mwenye mali, si mshika bawa. Kiangazi hiki, mjukuu wangu, sio kile kingine. Usiniulize kwa nini.

Simu usinipigie. Maneno ya simu yanaondoka na upepo, barua naweza kumwonyesha mtu.

Babu yako,
Mwenye Ndege


Majengo, Dodoma, 28 Machi 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo babu, shikamoo bibi. Mimi mzima. Kazi ni ileile, mafaili na chai, na Jumamosi nakwenda Makutupora kwenye kishamba cha zabibu tulichokodi na wenzangu wa ofisini. Zabibu zimeiva, ndege wanakula nusu. Ndege wenye manyoya, babu, sio wa kwako.

Kondakta aliponiita stendi nikadhani umeniletea mahindi, bahasha ilivyovimba. Kumbe ni karatasi kumi na tano za barua! Maneno matatu kwa mstari, kila herufi kama kichwa cha mbuzi. Mwenzangu ofisini aliona ukurasa mmoja akauliza kama ni bango la mkutano wa hadhara.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikawakumbuka ng'ombe sita, nikaacha kucheka. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi Jumapili jioni, vumbi mpaka kwenye kope, bibi akikuuliza "Leo umepanda?" nawe unajibu "Wiki ijayo." Nikaomba ruhusa nikaenda kuuliza.

Afisa aliyenipokea ni mstaarabu. Alidhani nimekosea mlango.

"Ndege isiyo na injini, glaida? Iko wapi?"

"Kibakwe."

"Ya nani?"

"Ya babu."

"Babu ni rubani?"

"Ni mkulima."

Akavua miwani, akaniagizia chai.

Ni hivi, babu. Ndege, hata isiyo na injini, ina uraia kama mtu. Kipanga imeandikishwa Ulaya, kwao Mwalimu Anthony. Lazima ifutwe kule kwanza, tuletewe cheti kwamba imefutwa. Halafu inatakiwa hati ya mauzo yenye sahihi yake na yako, maana kushikana mikono na beberu wa kuchinja havina mahali pa kuandikwa. Ndipo iandikishwe hapa kwa jina lako na kuchorwa herufi za Tanzania ubavuni. Watu wa forodha nao wanataka kujua iliingiaje nchini, na kama ushuru ulilipwa. Ipo bima. Yupo fundi mwenye leseni wa kuikagua na kutoa cheti kwamba inafaa kuruka. Kila mlango una ada yake, na kila ada ina namba yake ya malipo. Nitalipa mimi kidogo kidogo. Usiuze ng'ombe mwingine, nakuomba.

Na kuirusha mwenyewe haiwezekani. Anatakiwa rubani mwenye leseni. Wewe utakaa kiti cha nyuma.

Babu, nani anakusomea barua hii? Jibu lisiwe "mwenyewe." Krismasi ulimimina chai pembeni ya kikombe, ukakigombeza kikombe. Macho yanasemaje?

Mjukuu wako na mke wako mdogo,
Violeth


Kibakwe, 20 Aprili 2024

Mjukuu wangu Violeth,

Mbukwa. Bibi yako aliguswa na malaria, amekunywa dawa, amepona, leo amenigombeza mara mbili kwa hiyo nguvu zimerudi. Mvua inakatika vizuri. Ndama tumemwita Zabibu kwa ajili yako. Sila ananunua kila siku kitu kipya ili asahau kwamba mimi nina ndege.

Uraia! Ndege imekaa Kibakwe miaka kumi na tatu, imekula vumbi letu, panya wetu wamezalia ndani yake, halafu ni mgeni? Ng'ombe ukimnunua mnadani unapewa karatasi moja, unafunga kamba, unaondoka. Hakuna anayekuuliza babu yake alizaliwa wapi. Huyo afisa mwambie mimi sibishani na serikali, lakini nimemshangaa. Mwambie kwa heshima.

Kiti cha nyuma sawa. Wakubwa wote hukaa nyuma, mbele anakaa dereva.

Halafu usiwe na wasiwasi wa kuibiwa. Hapa maneno yalianza, eti Mzungu atageuka, eti wa Arusha watakuja na lori usiku. Nimefanya la kufanya. Nimeiwekea alama ya ukoo. Atakayeiona atajua ni ya nani, hata kama karatasi zako zikichelewa.

Kikombe kile kilikuwa na ufa.

Barua ananisomea bibi yako kwa sababu ana sauti nzuri. Mimi namshikia taa.

Fanya haraka. Majani yameanza kukauka.

Babu yako


Majengo, Dodoma, 6 Julai 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Shikamoo bibi, pole na malaria, na ahsante kwa Zabibu. Najua nimekaa kimya. Bunge la bajeti lilitukamata, tulikuwa tunatoka ofisini taa za barabarani zimewaka. Sio sababu nzuri, lakini ni ya kweli.

Mambo yamesogea. Cheti cha kufutwa kimefika kutoka kwao Mwalimu Anthony. Hati ya mauzo ilibidi irudi tena Ulaya, maana Mwalimu alisaini mahali pa mnunuzi, kwa hiyo kwa mwezi mzima alikuwa amejiuzia mwenyewe. Forodha nao walifukua, wakakuta ndege iliingia kwa msamaha wa ushuru wa misheni. Wewe si misheni, babu, kwa hiyo ushuru ukarudi. Nimemaliza. Usiniulize nimemalizaje, zabibu zilinisaidia.

Fundi amepatikana. Anaitwa Wambura, mtu wa Mara, anaongea kwa sauti kubwa lakini ana roho safi. Ana leseni ya kukagua, na leseni ya kurusha ndege za namna hii pia, kwa hiyo ndiye atakayekupandisha. Atafika Kibakwe wiki ijayo. Mpeni kitanda.

Ile alama uliyoandika ni alama gani? Nimempigia bibi, akasema "muulize mwenyewe" akakata.

Limebaki jambo moja, mwanzoni lilinipita. Mwenye ndege anatakiwa awe na cheti cha macho kutoka hospitali, na kama macho yana tatizo yatibiwe kwanza. Ni utaratibu tu. Hakina ada. Sina mengi ya kueleza hapo, ndivyo ilivyo.

Mjukuu wako,
Violeth


Kibakwe, 21 Julai 2024

Mjukuu wangu Violeth,

Hatujambo. Maharage tumevuna, magunia yamepita ya mwaka jana, ya Sila hayakupita. Baridi ya huku milimani imekuwa kali, bibi yako analala na soksi.

Wambura wako amefika. Amekula ugali na mlenda mara tatu, kwa hiyo simchukii. Tulifungua ghala, akazunguka Kipanga akigonga-gonga kama mtu anayenunua chungu. Alipofika bawa la kushoto akasimama.

"Mzee, nani kakata bawa?"

"Mimi."

"Umekata bawa la ndege?"

"Nimekata sikio."

Nikamwelekeza taratibu, maana kwao huenda wana desturi nyingine. Ng'ombe wa ukoo wetu ana mkato wa pembe tatu sikio la kushoto. Hata akipotea mpaka Manyoni, wenye akili watamrudisha. Ndege haina sikio. Nikatafuta kitu kilichokaa kama sikio, nikaona ncha ya bawa. Nikachukua msumeno wa Mwalimu Anthony mwenyewe, nikakata pembe tatu safi, hata yeye seremala angesifu.

"Na wa Arusha wakija watajua hiyo ni alama?"

"Sila atajua. Atawaambia."

Akakalia ndoo, akashika kichwa. "Mzee wangu, bawa moja likiwa na kidonda hewa haipiti sawasawa pande mbili. Siwezi kusaini."

Nikamwambia, "Hilo tu? Basi nikate na la kulia, yalingane."

Aliniomba msumeno. Mpaka leo hajanirudishia.

Anasema ataziba, ameagiza mbao nyepesi na kitambaa na gundi maalumu, itachukua wiki kadhaa, na kuna ada ya kukagua upya. Hilo nalibeba mimi, ni mkono wangu uliokata. Nimeuza mbuzi, sio ng'ombe, kwa hiyo sijavunja neno lako.

Habari ya cheti cha macho sikuisikia vizuri, bibi yako alishikwa na kikohozi hapo aliposoma. Kama nimesikia sawa, mwambie afisa macho ya Meshack yanafika Iringa. Juzi tu nimemtambua Sila akiwa ng'ambo ya bonde nikamsalimu. Bibi yako anasema alikuwa punda. Anachanganya siku.

Charles wa kule juu alikwenda hospitali, wakampasua jicho, akarudi na kitambaa, na hajaona nalo tena. Basi. Sitaki kuzungumza zaidi.

Babu yako


Majengo, Dodoma, 3 Agosti 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, nina moja tu.

Nimesoma mstari wa Charles mara nyingi. Charles alikaa na jicho lile miaka mingi, alipokwenda lilikuwa limekwisha kufa. Daktari hakumchukulia kitu alichokuwa nacho. Wewe bado unamwona punda, ingawa unamsalimu.

Faili lako halisogei bila karatasi ile. Nakuja Ijumaa kuwachukua wewe na bibi. Mtalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini, nimezoea. Watakapokufunga bandeji nitakaa hapo, na watakapokufungua nitakuwa hapo. Sisemi kwamba unaogopa. Nasema nitakuwepo.

Violeth


Kibakwe, 20 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Violeth,

Hesabu karatasi. Nne tu! Herufi zimerudi kuwa herufi.

Mbukwenyi. Bibi yako hajambo, ila anajuta kunipeleka hospitali, maana tangu bandeji ifunguliwe nimeona mchwa kwenye nguzo aliyokuwa akinificha, nimeona bakuli lililovunjika, nimeona na mikunjo yake. Nimemwambia imempendeza. Hakuniamini, lakini alikwenda kujitazama kwenye kioo. Zabibu amekuwa mtamba mzuri. Mvua bado.

Jana tumeruka. Ulisema kazi imekubana huwezi kuja. Mimi nasema uliogopa kusimama karibu na Wambura siku nitakayotoa karatasi yangu. Sikiliza ilivyokuwa.

Wambura amekuja na vyeti, cha usajili na cha kuruka. Cha usajili kina jina langu lote, nimelisoma mwenyewe, nikalisoma tena kwa sauti ili Sila asikie. Bawa limepona, kovu unaliona ukilitafuta. Nikakaa kiti cha nyuma, akanifunga mikanda. Nikatoa mfukoni cheti cha macho nilichokifunga kwenye nailoni.

"Cha nini hiki, mzee?"

"Cha ofisi. Mwenye ndege lazima awe anaona."

Akakisoma, akanitazama. "Nani kakwambia? Mwenye ndege hata awe kipofu, mali ni yake. Macho wanayadai kwa rubani."

Watu wakaangua kicheko. Sila alicheka mpaka akaachia ncha ya bawa, maana siku hizi mshika bawa ni yeye, mimi nimepanda cheo. Bibi yako akakohoa.

Nikamwambia Wambura, "Vuta kamba."

Land Rover ikaondoka, Sila akakimbia na bawa, vumbi likammeza. Kipanga ikainuka. Kisha kamba ikaachia, pakawa kimya, unasikia upepo tu unapita kwenye kitambaa. Nilitapika, nakwambia kabla hujaambiwa, lakini nilitapika kwa adabu, ndani ya mfuko, na Wambura amesema hata wanajeshi hutapika.

Mjukuu wangu, nimeona. Shamba la vitunguu la Sila, lile analojisifia tangu ujana wetu, kutoka juu ni kiganja cha mtoto. Choo chake hakina paa. Nimeona barabara ya Mpwapwa inavyojikunja milimani, nimeona mabati ya nyumba yangu upande wa nyuma ambao sijawahi kupanda kuutazama, yana kutu kama pua ya mlevi. Halafu nikamwona bibi yako, amesimama peke yake ukingoni mwa uwanja, anapunga kanga. Kanga ni ya njano. Aliinunua mwaka jana, na mwaka mzima mimi nilijua ni nyeupe.

Niliinamia upande ule kumtazama. Wambura akageuza shingo.

"Mzee, uko salama?"

"Zunguka," nikamwambia. "Turudi juu ya yule mwenye kanga."

Tukazunguka. Hakuacha kupunga mpaka tulipotua.

Sasa usiende kujisifu kwa wenzako kwamba ulimdanganya mzee wa Kibakwe. Nilijua tangu barua ile ya Julai. Karatasi zote za ndege hii zilikuwa na ada. Kuiandikisha ada, kuikagua ada, kuikagua tena ada. Cheti cha macho peke yake ndicho cha bure. Ofisi gani inaomba kitu halafu haitaki hela? Nikasema moyoni, hii haikutoka ofisini, hii imetoka nyumbani. Na bibi yako alikohoa kwenye mstari huohuo, mwanamke ambaye sijamsikia akikohoa tangu nimuoe.

Mbona nilikwenda? Kwa sababu mimi Meshack siwezi kusimama mbele ya Sila nikasema taa ya macho yangu inazimika, naogopa giza, napelekwa hospitali. Hilo halitoki mdomoni. Lakini naweza kusema ofisi imedai. Hapa kijijini ofisi ikidai mtu anakwenda, hakuna anayemcheka. Nilikuwa nimekaa nangoja mtu aniletee sababu ya kwenda, na wewe ukaiandika, ukaitia kwenye basi.

Ukidhani natunga baada ya kuaibika, mashahidi wapo. Muulize bibi yako kama usiku ule aliponisomea barua hakuniona natabasamu gizani baada ya kuzima taa. Muulize Wambura kama nilishtuka alipokisoma cheti, au nilimwambia tu avute kamba. Sila usimuulize, atasema uongo. Na wakikana wote, nenda kwa yule daktari wa macho. Wewe ulikuwa umetoka kuninunulia maji. Nilimwambia kabla hajanifunga bandeji: "Fanya kazi yako vizuri, daktari, mjukuu wangu ameniandikia uongo mzuri sana, nataka nikausome mwenyewe."

Babu yako,
Meshack Ndahani